Kupima manyunyu yanayokauka kabla ya kugusa bahari

Chini ya mawingu mazito ya baharini unaweza kusimama saa nzima usilowe. Manyunyu yanashuka kweli, ila mengi hugeuka mvuke njiani. Mimi huyapima nikiwa mezani, kwa data za kituo cha ARM, mradi wa Marekani wa kupima hewa na mawingu, kisiwani Graciosa, Azores, katika Atlantiki. Ni za bure, unajisajili tu.

1. Pakua siku moja. Anza na Julai 2017: wakati ule ndege ya utafiti wa ACE-ENA ilikuwa ikipita ndani ya mawingu hayohayo, kwa hiyo utapata cha kulinganisha. Chukua faili la ARSCL, lililounganisha rada na seilomita (kifaa cha kupima kimo cha kitako cha wingu). Siku yenye mawingu ya tabaka mbili iache, itakuchosha bure.

2. Lifungue kwa Python (maktaba yake ya xarray inatosha), uchore mwangwi wa rada kwa saa na kimo. Ukiona nyuzi zinaning'inia chini ya wingu kama matamvua ya kikoi, hayo ndiyo manyunyu.

3. Tafuta kitako cha wingu. Hapa wengi huteleza: huchukua pale mwangwi wa rada unapoishia. Nguvu ya mwangwi hufuata kipenyo cha tone kwa kipeo cha 6, hivyo tone la mikromita 100 hurudisha mara 1,000,000 ya kitone cha mikromita 10. Matone machache tu ya manyunyu yanatosha kuifanya rada ione "wingu" hadi karibu na maji. Seilomita hutumia leza, na kwake wingi wa vitone una uzito zaidi. Shika kimo chake.

4. Soma mwangwi mita 100 chini ya kitako. Faili huutoa kwa dBZ, kipimo cha logi cha nguvu ya mwangwi; geuza dBZ kuwa Z, yaani 10 kwa kipeo cha dBZ/10, kisha tumia Z = 25R^1.3, R ikiwa kiasi cha manyunyu, milimita kwa saa. 0 dBZ itakupa kama 0.08, −10 dBZ kama 0.014. Mlinganyo huu ulitokana na safari ya utafiti wa baharini ya EPIC ya 2001, Pasifiki ya kusini-mashariki. Huku Azores tumeuazima, na uandike hivyo.

5. Wastani uwe wa mwisho. Niliwahi kupiga wastani wa dBZ kwanza, nikapoteza wiki. Jaribu na 0 na −20 dBZ: kwa njia yangu ile unapata 0.014, kumbe jibu ni 0.043.

6. Rudia hesabu mita 200 juu ya bahari, kisha uitoe kwenye R ya chini ya kitako. Tofauti ndiyo iliyokauka, ingawa ni kadirio, maana matone yaliyokwisha kupungua hayaufuati mlinganyo vizuri. Kila milimita 1 kwa siku inayokauka huipoza hewa kwa wati 29 hivi kwa mita ya mraba. Hewa ya chini ikipoa hivyo, mvuke wa bahari hushindwa kupanda kulilisha wingu. Zitie alama saa zilizokausha manyunyu mengi kwenye mchoro wako, kisha angalia saa zinazofuata kama wingu limeanza kutoboka.