Bwawa la mjini ambalo ngege ataishi na kuzaa

Wadau wa Mwanza, Musoma na Kisumu, kama mtaani kwenu au chuoni kuna bonde maji ya mvua yanatuama, msikimbilie kumwaga zege halafu mkatupia sato. Hapo ngege anaweza kuishi kabisa, samaki wetu wa asili aliyekuwa anategemewa na wavuvi kabla sangara na sato hawajaletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, saizi amebaki zaidi kwenye maziwa madogo ya pembeni kama Kanyaboli kule Siaya.

Anza na kingo, hapa ndo wengi wanaharibu. Ukichimba kuta wima ngege hazai, maana dume anataka maji mafupi achimbe kashimo ka mviringo kama sahani, jike anataga humo halafu anayaokota mayai anayaatamia mdomoni, na vifaranga wakishatemwa wanakimbilia kwenye majani ya pembeni wasiliwe. Kwa hiyo laza kingo, kila mita 1 ya kushuka sogea ndani mita 4 au 5, mwaga mchanga sehemu kadhaa, panda matete na mafunjo kwa mafungu, yasizibe bwawa zima. Katikati chimba mita 2 hadi 3, kiangazi maji yakipungua samaki wawe na pa kukimbilia.

Maji ya mtaro yasiingie moja kwa moja jamani! Mwanzoni chimba kibwawa kidogo cha kutulizia tope, weka nondo za kuzuia chupa na mifuko, yakitoka hapo yapite kwenye mafunjo ndo yaingie bwawani. Acha njia ya kufika na toroli maana hilo tope litazolewa mara kwa mara. Kama kuna choo au gereji inatiririsha humo, hilo limalizwe kabla ya samaki.

Mbegu, yaani vifaranga wa kupandikiza, usiokote popote, sato akiingia tu anazaliana na ngege unabaki na machotara. Waone kwanza watafiti wa uvuvi, TAFIRI Mwanza kwa Tanzania au KMFRI Kisumu kwa Kenya. Gugumaji ukiliona hata moja ng'oa siku hiyohiyo.

Halafu pitia bwawani alfajiri, muda huo oksijeni ndo iko chini kabisa, ukikuta samaki wanahema juujuu ya maji acha kutupia chakula, zoa majani yaliyooza, na fuatilia mtaroni kama kuna kinachoingia.