Kuhudumia Bustani ya Nyumbani Baada ya Mvua ya Mawe

Mvua kubwa ya mawe ya Aprili inapopiga bustani jijini Nairobi, jambo la kwanza ni kutoikanyaga, hasa kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi wa Embakasi, kwa kuwa udongo uliolowa hushindiliwa na nyayo na mizizi ikakosa hewa. Chimba mfereji mdogo pembeni ili maji yaliyotuama yatoke. Sukuma wiki iliyoraruliwa usiing'oe: kata majani yaliyoharibika karibu na shina, uache kichipukizi cha juu, nayo itachipua tena. Dhania iliyolala, kwa maoni yangu, ni afadhali kuipanda upya. Nyanya ndizo za kuhofiwa. Zisimamishe kwa vijiti, ondoa majani yanayogusa matope, na ukiona mabaka ya kahawia yenye ukungu mweupe upande wa chini, majani hayo yana ugonjwa, usiyatie kwenye mboji.