Jinsi ya kuchagua kituo cha ndege kubwa za mizigo za jeshi: zoezi la KIA na Kisongo

Ndege kubwa ya mizigo inaweza kutua mahali pengi kuliko inapoweza kukaa. Katika miaka yangu ya kupanga usafirishaji wa anga, kosa nililokutana nalo mara nyingi ni hilo: mtu anasoma kwamba C-17, ndege kubwa ya mizigo ya jeshi ya Marekani, inatosheka na barabara ya kurukia ya mita 1,067, anafungua ramani, anachora duara, kazi imekwisha. Tanzania haina C-17, lakini sisi wa Arusha tuna viwanja viwili vizuri sana vya kujifunzia: Kisongo, uwanja mdogo wa Arusha, na KIA, Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, ulio mkoa jirani. Tuvitumie.

Hatua ya 1: Anza na mzigo

Andika unabeba nini, kwenda wapi, mara ngapi kwa mwezi. C-17 hubeba hadi tani 77, na A400M, ndege ya mizigo ya jeshi ya Ulaya, tani 37. Kifaru cha vita ni habari nyingine. Mahema, unga na hospitali ya muda ni habari nyingine. Usiguse ramani kabla karatasi hii haijajaa.

Hatua ya 2: Pima hewa

Hapa usiharakishe. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, na joto huizidishia wepesi. Bawa linapata nguvu kidogo, injini nazo zinapungukiwa.

Hesabu yake haihitaji kompyuta. KIA iko mita 894 juu ya usawa wa bahari. Katika hewa ya kipimo, yaani hewa ya wastani ambayo marubani wote hulinganishia, mwinuko huo ungekuwa na nyuzi 9 hivi za Selsiasi. Saa nane mchana kipimajoto kinasoma 30, yaani nyuzi 21 zaidi. Kila nyuzi iliyozidi, ongeza mita 36 hivi kwenye mwinuko halisi. Ndege inaona kama iko karibu mita 1,650. Kisongo iko karibu mita 1,390, na kwa joto la nyuzi 28 ndege inajikuta karibu mita 2,200.

Niliwahi kusimama kwenye maegesho mchana wa jua kali, ndege imeshapakiwa, na msimamizi wa mizigo akatoka na karatasi yake akitikisa kichwa. Safari ilipangwa alfajiri, ikasogezwa hadi mchana kwa sababu ya kibali kilichochelewa. Magari mawili yalishushwa, yakabaki. Huko yalikokuwa yanasubiriwa watu walikuwa hawana maji. Ndiyo maana nasisitiza hatua hii kuliko zote.

Hatua ya 3: Uimara wa lami

Urefu wa barabara peke yake haukwambii kitu. Kila barabara ina namba inayoonyesha uzito inaoweza kuhimili. Iliitwa PCN, na tangu Novemba 2024 ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, imehamia namba mpya iitwayo PCR. Namba ya ndege isizidi ya lami, kwa sababu lami utakayoikanyaga kila siku haitavumilia kama ile unayoigusa mara moja.

Desemba 2013, Boeing 767 ya abiria iliyokuwa ikienda KIA ilitua Kisongo kimakosa, kwenye barabara ya mita 1,600 hivi. Ilisimama salama bila mtu kuumia, lakini magurudumu yaliishia kwenye majani. Iliondoka siku chache baadaye, ikiwa imepunguzwa uzito. Nayo ni nyepesi kuliko C-17, ambayo ikijaa hufika tani 265. KIA ina mita 3,600. Kwa ndege za ukubwa huu, Kisongo inatoka kwenye orodha hapa.

Hatua ya 4: Maegesho

Nenda uwanja wowote wa mpira wenye urefu wa mita 105, usimame golini. C-17 mbili bawa kwa bawa, na nafasi ya mita 7.5 katikati, zinahitaji mita 111. Hazienei. Bado hujaweka hanga, magari ya kupakia, wala njia ya kupitia ndege nyingine.

Hatua ya 5: Mafuta

Tangi za C-17 huchukua lita 134,000 hivi, sawa na maboza manne ya lita 35,000. Hiyo ni ndege moja, mara moja. Mafuta ya kwetu hupandishwa kutoka bandarini pwani, kwa hiyo uliza hifadhi ya uwanjani inatosha siku ngapi ikiwa barabara itakatika wakati wa masika. Usipopata jibu la maandishi, hujapata jibu.

Hatua ya 6: Watu

Nchi 12 zinazotumia kwa pamoja C-17 tatu huko Pápa, Hungaria, zilipeleka pale wanajeshi wao pamoja na familia. Mafundi wako watahitaji nyumba na shule. Kwa KIA ni Bomang'ombe, Usa River, au mjini kabisa. Vijiji vinavyouzunguka uwanja navyo vimekuwa na mgogoro wa ardhi wa muda mrefu. Kaa na wazee na wafugaji kabla mpima ardhi hajafika na vigingi, uwaeleze wazi kuhusu kelele za usiku.

Ukimaliza, rudia hesabu ya hatua ya 2 kwa joto la Februari, na uzito ambao ndege itaweza kuruka nao katika hewa hiyo ndio uuandike kwenye mpango wa mwaka mzima.