Kabla ya kununua msumeno wa mkono wa kuungia boriti

Pima boriti kwanza. Ya inchi 8 kwa 8, yenye ulimi (kichwa kinachochongwa kiingie kwenye tundu la boriti nyingine) wa unene wa inchi 2 uliopimwa inchi 2 kutoka uso mmoja, itakuwa na bega, yaani ukingo unaobaki kando ya ulimi, la kina cha inchi 4 upande wa pili. Msumeno mfupi wenye chuma mgongoni mara nyingi hugota kabla ya kufika huko. Chukua bapa pana lisilo na mgongo, urefu kama inchi 26.

Chukua miwili. Wa kupasulia, unaokata kufuata nyuzi, meno 4 au 5 kwa inchi, ni wa mashavu ya ulimi, yaani nyuso zake pana. Wa kukatia, unaokata kuvuka nyuzi, meno 7 au 8, ni wa mabega. Usitumie wa kukatia kupasulia: unga hujaa kati ya meno na bapa haliingii tena.

Ncha za meno zikiwa na weusi wa buluu, zimefanywa ngumu kwa joto. Tupa ya kunolea huteleza juu yake. Zikiwa butu, huwezi kuzinoa tena kwa tupa.

Mpini ukicheza, kaza skrubu.

Sasa mlalo wa meno, na hapa usiwe na haraka. Meno hulazwa moja kulia, moja kushoto, ili njia iwe pana kuliko bapa. Mti mbichi unataka mlalo mpana zaidi, la sivyo nyuzi zenye maji hubana bapa. Lakini upana bila usawa ni hasara. Upande uliolazwa zaidi huvuta msumeno kwake. Kwenye ubao wa inchi moja huoni kitu. Kwenye bega la inchi 4 mkato unazidi kuhama kila unaposhuka, bega linabaki na kitumbo ndani, na boriti haifungi hata ukiipiga nyundo. Fundi anaulaumu mkono wake, anaupinda msumeno kuurudisha kwenye mstari, na bapa linakunjika.

Kwa hiyo jaribu kwenye kipande cha masalio: piga mstari kwa skwea pande mbili, kata inchi 4 bila kuulazimisha. Ukihama kulia, laza jiwe la kunolea sambamba na bapa, upande wa kulia wa meno, pitisha mara moja kwa wepesi, kata tena. Usipitishe mara tano kwa mpigo; mlalo ukiisha, utahitaji kulaza meno upya.

Lenga pia ukingo wa meno kwa jicho moja, kama unavyokagua ubao uliopinda. Mkunjo mkali uache dukani. Paka mafuta, funika meno, na mbao zilizotoka kwenye jengo la zamani zipitishie sumaku kwanza, maana msumari mmoja uliozama unatosha kung'oa meno.