Namna ya kuainisha jiwe linalodhaniwa kuwa kimondo

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia jirani wa Jomvu, Mombasa, aliyeokota jiwe jeusi lenye uzito usio wa kawaida, kwa sababu maswali yake ndiyo ninayoulizwa na karibu kila mtu. Msimamo wangu ni kwamba sifa zote za jiwe ziandikwe kwanza, na jina la aina lije mwisho. Mtu akianza kwa kuliita jiwe lake "kimondo cha Mirihi", kila alama ataisoma kwa ajili ya jina hilo, na zile zinazolikanusha zitampita.

Hatua ya 1: Vifaa

Utahitaji lenzi ya mkononi inayokuza mara 10, mizani ya dijitali ya jikoni, dira, kigae na daftari. Sumaku kali usiitumie kabisa, hata kama kila mtu atakushauri uitumie. Baadhi ya vimondo vimehifadhi kumbukumbu ya usumaku wa mahali vilikotoka, na sumaku kali ikigusa jiwe mara moja tu huifuta. Dira inatosha: lisogeze jiwe karibu na uone kama sindano inageuka. Hata ikigeuka, kumbuka kwamba magnetaiti (madini ya chuma yenye usumaku) na mavi ya chuma (taka za kuyeyushia chuma) huigeuza vilevile.

Hatua ya 2: Umbo la nje

Kimondo ambacho hakijakaa sana ardhini huwa na ganda jembamba jeusi la kuungua, na pengine vishimo vya mviringo kama vya dole gumba kwenye udongo wa mfinyanzi. Matundu ya mapovu ni dalili mbaya. Katika mji wenye viwanda vya chuma na karakana nyingi kama wetu, mavi ya chuma ndiyo yanayodanganya watu zaidi.

Hatua ya 3: Kigae na densiti

Sugua jiwe kwenye mgongo wa kigae usio na rangi ya kung'aa. Mstari mwekundu unaashiria hematiti, na mweusi magnetaiti, yote madini ya chuma ya duniani. Kisha weka bakuli la maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, na uning'inize jiwe kwa uzi ndani ya maji bila kugusa kitako. Gramu zitakazosomeka ni sawa na ujazo wa jiwe kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito wa jiwe kwa namba hiyo. Vimondo vingi vya mawe huwa kati ya 3 na 3.8, na vya chuma kati ya 7 na 8. Tumia maji yaliyotoneshwa (distilled), si ya kisima, kwani visima vyetu vina chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Ukimaliza, likaushe jiwe mara moja.

Hatua ya 4: Dirisha

Hapa ndipo saa nyingi hupotea. Dirisha ni sehemu ndogo, ukubwa wa ukucha, iliyosuguliwa ili ndani ya jiwe paonekane. Usimpelekee fundi wa marumaru mwenye grenda: joto huharibu sehemu unayotaka kuiona, na vumbi la chuma kutoka kazi nyingine hubaki juu yake. Sugua kwa mkono, kwa msasa mkavu, kuanzia wa chenga kubwa hadi laini kabisa, ukifuta kwa spiriti kila unapobadilisha. Chenga za msasa huweza kunasa kwenye nyufa na kumeremeta kama metali, kwa hiyo futa tena kabla ya kutazama, na utazame chini ya jua huku ukiligeuzageuza jiwe.

Tafuta vipande vya metali nyeupe vilivyotawanyika, na viduara vidogo, mara nyingi visivyofikia milimita 1, viitwavyo kondruli. Kondruli imejaa madini; povu ni tundu. Tatizo ni kwamba tundu la jiwe la volkano linaweza kujazwa na madini baadaye likafanana na kondruli. Kwa hiyo andika unachokiona: "kiduara cha kijivu, milimita 0.5, kimejaa, kina mistari sambamba ndani". Usiandike "kondruli" kabla ya mtaalamu kuthibitisha.

Kutoziona kondruli pia hakulikatai jiwe. Kimondo kilichoanguka karibu na Thika mnamo Julai 16, 2011 ni cha daraja la L6 (L ni kundi, na 6 ni kiasi ambacho joto limekibadilisha), na katika daraja la 6 joto la kale limefifisha mipaka ya kondruli. Vimondo vya Mwezi na Mirihi havina kondruli, na metali yake ni kidogo au haipo, hivyo dira huweza kunyamaza kabisa. Ukiona fuwele za madini ya olivini, za rangi ya kijani au manjano, ndani ya metali, huenda ni palasaiti, yaani kimondo cha metali iliyochanganyika na olivini. Acha kusugua na umtafute mtaalamu wa jiolojia.

Hatua ya 5: Aina

Hii ni kazi ya maabara. Kwa vimondo vya mawe vya kawaida, kiwango cha fayalaiti (sehemu ya olivini yenye chuma) ndani ya olivini huamua kundi: takriban asilimia 16 hadi 20 ni H (chuma kingi), 22 hadi 26 ni L (chuma kidogo), na 27 hadi 32 ni LL (chuma kidogo zaidi). Kwa vimondo vya ajabu hupimwa isotopu za oksijeni, yaani atomi zake zenye uzito tofauti. Kundi jipya huhitaji angalau vimondo vitano vinavyofanana; kisichofikia hapo huandikwa kuwa hakina kundi. Hivyo ndivyo kilivyoainishwa Kimondo cha Mbozi cha Tanzania, chenye tani zipatazo 16, na huo ni uainishaji kamili, wala si ishara kwamba kazi haikukamilika.

Hatua ya 6: Jina rasmi

Jina huidhinishwa na kamati ya majina ya Meteoritical Society, jumuiya ya kimataifa ya wanasayansi wa vimondo, nalo hutokana na mahali kimondo kilipopatikana, si aliyekiokota. Kwa sababu hiyo, andika majiranukta ya GPS ya mahali hapo papo hapo. Sampuli ya gramu 20, au asilimia 20 ya jiwe kama ni dogo, sharti ibaki kwenye taasisi inayotambulika.

Wakati unasubiri majibu, funga jiwe kwenye chombo kisichopitisha hewa pamoja na vifuko vya silika jeli, na uvibadilishe mara kwa mara, hasa wakati wa masika.