Muvi na nyimbo za watoto: angalia mwisho kwanza

Naanza na kosa langu mwenyewe ili wewe usilirudie. Kuna siku niliwawekea wanangu muvi ya katuni, picha ya mbele ina kanyama kadogo kanacheka, rangi kibao, nikakaa nao dakika kumi za mwanzo nikaona safi kabisa, vichekesho na nyimbo, nikainuka kuendelea na kazi zangu. Kumbe huko mbele mama wa kale kanyama anakufa na kuna dude linamkimbiza mtoto gizani, na kitinda mimba wangu, alikuwa na miaka minne, akakaa karibu wiki nzima hataki taa izimwe usiku. Kaka yake wa miaka tisa? Aliipenda, mpaka leo anaiomba.

Toka hapo nikabadilisha utaratibu. Siangalii tena mwanzo, naangalia mwisho. Manake ukichunguza, muvi nyingi za familia zinajengwa kwa mtindo ule ule: mwanzo unachekesha, katikati kuna mtu anapotea au anakufa, halafu zile dakika ishirini za kuelekea mwisho ndo stelingi anakutana na adui, muziki unapanda, moto, radi, makelele. Hofu yote imerundikwa hapo. Na trela haikuambii kitu maana kazi yake ni kukuuzia, itakuonyesha vichekesho vitatu vizuri basi.

Kwa hiyo fanya hivi. Watoto wakiwa wamelala au wako nje wanacheza, fungua muvi, sogeza mpaka ibaki kama nusu saa, angalia dakika kumi kumi na tano hapo ukiwa umeweka sauti. Usikate sauti, kwa mtoto mdogo sauti ndo inatisha kuliko hata picha (na ndo maana siku akishtuka ghafla kitu cha kwanza punguza sauti, utaona hofu inashuka nusu). Halafu rudi katikati, angalia mbili tatu ovyo ovyo. Hiyo ni robo saa tu ya maisha yako, mi nilipoteza usingizi wa wiki kwa kuikwepa.

Kama huna hata hiyo robo saa, kuna tovuti ya Common Sense Media ambayo inakwambia muvi inafaa kuanzia umri gani na kwa nini, na kwenye IMDb, tovuti ya taarifa za muvi, kila muvi kubwa ina sehemu ya wazazi ambapo watu wameorodhesha matukio moja moja: nani anapigwa, nani anakufa, kuna busu, kuna tusi gani. Ni Kiingereza lakini hata ukitafsiri kwa simu unaelewa. Wanakuharibia uhondo wa stori, ndio, ila sisi hapo hatutafuti uhondo.

Hizo alama za umri

Watu wengi wanaishia kwenye alama. Ziko G (kila mtu), PG (mzazi aongoze), PG-13 (mzazi awe makini na wa chini ya miaka 13), R (wa chini ya miaka 17 awe na mtu mzima) za Marekani, mfumo ulioanza 1968, na hiyo PG-13 iliongezwa 1984 baada ya wazazi kulalamika kwamba muvi za PG zimeanza kuwa na mambo ya kutisha sana. Uingereza wana U, PG, 12A (wa chini ya miaka 12 aende na mtu mzima) na kuendelea, na hapa wengi wanakosea, U ya kule haimaanishi kichanga, maana yake inafaa kuanzia miaka minne hivi. PG yao ndo wanasema isimsumbue mtoto wa miaka nane hivi kwenda juu. Sasa wewe una wa miaka mitatu unaona PG unasema aah hii ni ya watoto.

Tatizo la alama ni kwamba inakwambia zaidi kitu gani HAKIMO. Hakuna matusi, hakuna ngono, hakuna damu nyingi. Haikuambii kama kuna huzuni. The Lion King ya 1994 ilipewa G, ile ya kila mtu kabisa, na ndani yake mtoto anamwona baba yake anakufa halafu anamsukuma sukuma aamke. Hakuna sheria iliyovunjwa hapo na ni muvi nzuri tu, lakini kama nyumba yenu imetoka kufiwa juzi hiyo G haiwezi kujua. Unajua wewe. Ndo maana nasema alama itumie kukataa, usiitumie kukubali. Ikisema 13 na mwanao ana sita, achana nayo. Ikisema watoto wote, bado haijafaulu, kaangalie mwisho.

Na kinachotisha kinabadilika na umri, hiki mi nilichelewa kukijua. Mdogo wa miaka mitatu minne mitano anatishwa na MUONEKANO: kinyago, macho mekundu, mtu kugeuka jitu, sauti nzito ghafla. Ukimwambia "sio kweli hiyo" haimsaidii sana, bado hajakaa sawa kutenganisha cha kweli na cha kutunga, bora umkumbatie ubadilishe chaneli. Akifika miaka saba nane jitu la kijani anacheka, anachoogopa sasa ni kile kinachoweza kutokea kweli, nyumba kuungua, mwizi, mzazi kupotea. Kwa hiyo huyo mkubwa unayesema haogopi kitu, mchunge na taarifa ya habari kuliko katuni za mazimwi.

Wadogo kabisa, chini ya miaka miwili, nisikuzungushe: usihangaike kuwachagulia video. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2019 linasema mtoto wa chini ya mwaka mmoja hahitaji skrini kabisa, wa mwaka mmoja pia haishauriwi, na wa miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku na ikipungua ndo bora zaidi. Na zile video za "mfundishe mtoto lugha" za vichanga, kuna jaribio la 2003 walichukua watoto wa Kimarekani wa miezi tisa, kundi moja likakaa na watu wanaoongea Kichina, wakicheza nao na kuwasomea vitabu, kundi lingine likaonyeshwa watu wale wale kwenye video. Waliokaa na watu wakashika sauti za Kichina. Wa video wakatoka kapa. Mtoto anataka mtu wa kumjibu.

Kuanzia miaka miwili mitatu kwenda juu, angalia KASI kabla hujaangalia hata mafunzo. Hesabu kichwani, picha inabadilika kila baada ya muda gani? Kama kila sekunde moja mbili ni tukio jipya, kelele mpya, mtu anaanguka, hiyo weka pembeni. 2011 jarida la Pediatrics lilitoa utafiti wa watoto 60 wa miaka minne, wengine walionyeshwa katuni ya kasi kwa dakika 9 tu, wengine katuni ya elimu ya taratibu, wengine walipewa makaratasi wachore, halafu wakapewa kazi za kutuliza akili na kusubiri. Wa katuni ya kasi walifanya vibaya kuliko wengine. Ni mara tu baada ya kuangalia, hakuna aliyesema ubongo umeharibika, lakini ukijua hivyo unajua kabisa ya kuweka kabla ya kula au kulala na ya kutoweka. Vipindi vifupi vya dakika kumi mpaka ishirini na tano ndo saizi yao, muvi ya saa moja na nusu unaweza kuikata mbili, leo nusu kesho nusu, wala hawalalamiki sana.

Video za mtandaoni ni habari nyingine, na hapa sina mjadala: zima ile ya video kujicheza yenyewe moja baada ya nyingine (autoplay). Wewe ulichagua video ya kwanza, ya pili kachagua mtambo. 2017 ilikuja kugundulika kuna video kibao zilizotumia wahusika wa katuni maarufu, nje zinaonekana za watoto, ndani mambo ya ajabu, sindano, vipigo, upuuzi, na watoto walizifikia kwa kufuata video moja baada ya nyingine hivyo hivyo. Kama unatumia YouTube Kids, ile programu ya YouTube ya watoto, nenda kwenye mipangilio uchague rika (kuna miaka minne kushuka, kuna tano mpaka nane, kuna tisa mpaka kumi na mbili), au lile chaguo ambalo mtoto anaona tu ulivyovipitisha mwenyewe. Linachosha kidogo mwanzoni, baadaye unasahau. Bora zaidi pakua video kumi ulizoziangalia, zima intaneti, mpe. Na zile video za kufungua midoli kwenye maboksi ni matangazo tu zile, mtoto wa chini ya miaka nane hajajua bado kwamba tangazo lina nia ya kumuuzia, yeye anaona rafiki anamuonyesha kitu.

Sasa muziki

Kwanza tuondoe lile la Mozart, ile imani kwamba ukimpigia kichanga muziki wa huyo mtunzi wa zamani wa Ulaya atakuwa na akili zaidi. Utafiti wenyewe ulitoka 1993, ulifanywa kwa wanafunzi wa chuo, watu wazima, wakasikiliza wakafanya vizuri kidogo kwenye fumbo la maumbo kwa kama robo saa hivi, basi. Vichanga hawakuwepo. Lakini stori ikapaa mpaka 1998 gavana wa Georgia kule Marekani akataka kila mtoto anayezaliwa apewe muziki wa aina hiyo. Kama unaupenda mpigie, ila usimpigie ukisubiri profesa.

Mi nachagua wimbo kwa KAZI yake. Wa kulala uwe wa taratibu, sauti moja au mbili, usiwe na mahali unapolipuka ghafla (sikiliza mpaka mwisho! kuna nyimbo zinaanza kama bembelezo halafu dakika ya pili ngoma zinaingia mtoto anaruka). Wa kurukaruka uwe na biti. Wa kuimba pamoja uwe mfupi, maneno yanajirudia, noti chache zisizopanda sana maana koo la mtoto halifiki huko, na uwe na sehemu ya kuitikia, mmoja anatoa wengine wanapokea, hapo hata wa miaka miwili anapata kazi yake. Namna ya kujua umepatia: zima, usiupige tena, sikiliza kesho yake kama anauimba peke yake akicheza. Asipouimba ulikuwa kelele tu.

Na wewe imba, sauti mbaya hivyo hivyo, yeye hana cha kulinganisha.

Halafu maneno. Hapa niliaibika. Mwanangu wa kati aliimba kiitikio cha wimbo wa kikubwa mbele ya wageni, kwa ufasaha, na vitendo juu, mi nilikuwa naupiga wakati wa kufanya usafi bila kuwaza, na bibi yake akaniangalia tu. Ile herufi E unayoiona pembeni ya jina la wimbo kwenye programu za muziki inamaanisha kuna lugha ya kikubwa, lakini wanaoiweka ni wenye wimbo wenyewe, kwa hiyo usipoiona haimaanishi umesalimika. Na kwa Kiswahili ndo usiseme, sisi tunaongea kwa mafumbo, wimbo mzima unaweza usiwe na tusi hata moja na kila mtu mzima akajua kinachoimbwa ni nini. Kwa hiyo usisikilize neno, sikiliza maana, na jiulize akiuimba mbele ya wakwe utajisikiaje. Nyimbo nyingine zina toleo lililosafishwa, tafuta hilo.

Ila usijifungie kwenye nyimbo za "watoto" tu za vile vinanda vya kielektroniki, zinachosha. Muziki wa watu wazima ulio safi wanaupenda sana, ala tupu, kwaya, nyimbo za zamani, na utausikia mara hamsini kwa hiyo chagua kitu ambacho na wewe unaweza kukivumilia. Kurudia rudia ni kawaida yao, mwacheni. Kile kipindi cha watoto cha Marekani, Blue's Clues, kilipoanza 1996 walikuwa wanarusha sehemu ile ile siku tano mfululizo makusudi, kwa sababu mtoto kila siku anashika kitu kipya.

Sauti: simu isizidi asilimia 60 akiwa na hedifoni. Ukikaa urefu wa mkono ukausikia wimbo unaotoka masikioni mwake, punguza.

Kwenye kuangalia pamoja familia nzima, chagua kwa kumwangalia mdogo kuliko wote sebuleni, sio wastani. Ya mkubwa aangalie mdogo akilala. Chagua wewe tatu ulizokwisha kuzikagua, wao wapige kura kwenye hizo tatu, zamu kwa zamu nani awe na kura ya mwisho, ugomvi unapungua japo hauishi. Mtu akisema "zima" unazima hapo hapo bila kumcheka, na kaka yake asimcheke pia. Lakini usimwache amebaki na lile tukio la kutisha kichwani, mmalizie kwa mdomo, yule mbwa walimpata, walirudi nyumbani, wakala wakalala.

Au msimulie mwisho kabla hata hamjaanza. Watu wazima tunachukia hiyo, mtoto wa miaka minne inampa nguvu ya kukaa. Huyu wangu wa taa siku hizi, kabla sijabonyeza kitu, anauliza mwenyewe: "mwisho mama yake anarudi?" Nikisema hapana, anachukua mto wake anahamia chumbani na katuni zake za zamani, anatuachia sisi.