Somo: "Imperfect" siyo "mbovu", usije ukachekwa kama mimi

Habari zenu wakuu. Mwaka juzi niliagiza pasi mtandaoni ikaja haipati moto hata kidogo, nikamwandikia muuzaji kwa kizungu changu cha kuungaunga "my iron is imperfect". Jamaa akajibu mikwaruzo midogo ni kawaida, haiathiri kazi. Nilichoka! Ila kosa lilikuwa langu.

Hatua ya 1: livunje neno. Ni im + perfect. Hiyo im- ni "si", inakaa mbele ya p, b na m, ndo maana kuna impossible na immoral. Perfect asili yake Kilatini, kufanya kitu mpaka kiishe. Kwa hiyo imperfect ni kitu ambacho hakijatimia, siyo kilichoharibika. Tamka im-PA-fikt, kaza hapo kwenye PA.

Hatua ya 2: shika neno letu la kasoro. Ukisema saa tatu kasorobo hakuna anayedhani saa imekufa, imepungukiwa robo tu kufika tatu. Na shati lenye kasoro linavalika. Ukishaelewa hapo umemaliza nusu ya somo, mi sijaona neno linaloikaribia imperfect kama hili.

Hatua ya 3: pima kwa fundi cherehani. Suruali pindo moja limepanda kidogo lakini unatoka nayo, imperfect. Zipu haifungi, hiyo faulty. Defective nayo ni ubovu wa kutoka kiwandani mara nyingi, flawed tunaweka zaidi kwenye hoja au mpango, mf. a flawed plan, mpango una tobo.

Hatua ya 4: darasani. Kwenye sarufi imperfect ni kitendo cha zamani kilichokuwa kinaendelea, "alikuwa anakula", hujaambiwa kama alimaliza, tofauti na "amekula". Wa uchumi mnayo imperfect competition, soko ambalo muuzaji mmoja au wachache wana nguvu ya kupanga bei. Wa baiolojia angalieni mpapai dume, ua lake linatoa chavua tu, ndo imperfect flower, na halijaoza wala haliumwi, jinsia moja tu ndo haipo.

MASWALI

Mkuu, mtu naye anaitwa imperfect?
Ndiyo, "I'm imperfect" ni mimi si mkamilifu, uungwana kabisa. Ila ukimwita mwenzio defective jiandae kwa ugomvi.

Unperfect je, haipo?
Achana nayo dada, watu wanasema imperfect. Kasoro yenyewe ni imperfection, zikiwa nyingi weka s.

Vipi shairi ambalo vina vimepotea, nalo imperfect?
Umenigusa hapo. Sisi shairi la hivyo tunaliita guni, na washairi wa zamani hawalisamehi. Waingereza wana imperfect rhyme, sauti zinakaribiana bila kulingana, na kwao wengi hawaoni shida.

Mwalimu, ile pasi iliishia wapi?
Niliandika upya, "it is faulty, it does not heat", wiki ileile nikaletewa nyingine. Hii ina mkwaruzo ubavuni, imperfect kweli, ila nainyooshea nguo mpaka leo.